Viti vya juu Jumba la Opera: msimu wa jazi na Mamkubwa

Kitabu cha msimu cha Jumba la Opera kikitoka, watu wengi hapa Maskati hutazama kwanza opera zipi zinakuja na bale ipi. Mimi natafuta zile jioni zilizopachikwa katikati ya Verdi na Puccini: bendi kubwa ya jazi, kora, fado, Wakuba, udi na piano. Nazizungushia kalamu, kisha nampigia simu Mamkubwa. Swali lake la kwanza halijawahi kubadilika.

"Wanaimba, au wanapiga tu?"

Nikimjibu wanapiga tu, anaguna. Lakini huja.

Niseme kidogo kuhusu jumba lenyewe kwa aliyeko Unguja, Mombasa au Toronto na hajalifikia. Lipo Shati al-Qurum, karibu na bahari, jengo la mawe meupe lenye matao marefu. Aliyeamuru lijengwe ni marehemu Sultan Qaboos, mtu aliyependa muziki kwa dhati. Okestra ya nchi aliianzisha mwaka 1985 kwa kuwafundisha vijana wa Kiomani tangu mwanzo kabisa. Mlango ulifunguliwa Oktoba 2011 kwa Turandot ya Puccini, Plácido Domingo akiongoza okestra. Ndani kuna viti kama 1,100, mbao zilizochongwa kila unapotazama, na mgongoni mwa kila kiti kuna kioo kidogo cha kufuatia maneno ya opera. Jukwaa nalo hubadilika. Siku ya opera ni jukwaa la mchezo wenye mapazia na majumba ya kubuni. Siku ya muziki mtupu ukuta mzima wa mbao, pamoja na kinanda kikubwa cha mabomba, husogezwa juu ya reli ili sauti isipotelee huko juu kwenye kamba na taa.

Ukuta ule ndio unaonihusu. Mimi si mwanamuziki, ni mtu wa mahesabu, lakini nimekaa viti vya juu kiasi cha kutosha kuwa na maneno yangu juu ya muziki gani unaishi mle na gani unakufa. Wala haihusiani na nani maarufu.

Mavazi ni rasmi. Mwanamume wa Kiomani kanzu na kilemba, mgeni koti, wanawake wanajua wenyewe. Ami yangu, mdogo wake baba, hulalamika kila mara. "Naenda kusikiliza ngoma," anasema, "siendi kuposa." Na bado ndiye anayechelewesha safari kwa kukifunga kilemba mara tatu mbele ya kioo.

Tuanze naye basi, kwa sababu jioni ya jazi ilikuwa yake. Ami alikulia Dar es Salaam, Kariakoo. Kwake jazi ni Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande, Western Jazz ya Wanyamwezi, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe: magitaa yanayojibizana, saksafoni inayoingia mwishoni kuchafua hali ya hewa, na mwimbaji anayekusimulia mkasa wa mapenzi mpaka umhurumie kuliko unavyojihurumia mwenyewe. Nilipomwambia kuna usiku wa jazi, kanzu aliipiga pasi kwa mkono wake.

Wakaingia watu wa suti nyeusi, wengi, wakakaa kwa safu: saksafoni mbele, tromboni nyuma yao, tarumbeta juu, piano, besi na ngoma pembeni. Gitaa hakuna. Mwimbaji hakuna. Ami akanigeukia: "Hawa ndio wa kufungulia?"

Nusu ya kwanza ilikuwa Duke Ellington mtupu, yule mpiga piano na kiongozi wa bendi wa Marekani. Ellington si mgeni wa pande hizi. Mwaka 1963 serikali ya Marekani ilimzungusha na bendi yake Damascus, Amman, Baghdad, Kabul na miji ya India, na miaka mitatu baadaye akarekodi mfululizo wa vipande vya kuikumbuka safari ile. Kimoja kinaitwa Isfahan, jina la mji wa Iran. Ni saksafoni moja ya alto inayojivuta polepole juu ya wenzake, haina haraka na mtu. Bendi ile ilikipiga bila vipaza sauti, na pale nikaelewa maana ya ukuta wa mbao. Mpigaji alipopunguza pumzi mpaka ikabaki hewa inayopita kwenye mwanzi, tuliokaa juu kabisa tuliisikia hewa ile.

Ami alikuwa kimya. Kisha tarumbeta zikazibwa midomo kwa vizibo vya bati, zikaanza kulalama na kujibizana na tromboni, swali huku, jawabu kule, na nikamwona anatikisa kidole gumba juu ya fimbo yake. Wakati wa mapumziko alinieleza kwa kirefu, akishika kikombe cha kahawa, kwamba kazi ile ya tarumbeta kwao ilifanywa na gitaa la pili, na kwamba anayedhani ni muziki mwingine hakusikiliza vizuri. Hukumu yake ya mwisho ilikuwa hii: bendi nzuri sana, ila imekosa mtu wa Tabora wa kuiimbia.

Mamkubwa hakuwapo siku ile. Alikuwapo usiku wa kora, na kama ningeambiwa nichague jioni moja tu ya msimu mzima, ningechagua huo.

Mwanamume mmoja kutoka Mali, kiti kimoja, zulia dogo. Kora ni kibuyu kikubwa kilichokatwa nusu na kuwambwa ngozi ya ng'ombe, mpini mrefu, nyuzi 21 katika safu mbili. Mpigaji huielekeza kwake, akashika vijiti viwili kwa vidole vya chini, kisha kazi yote ikafanywa na vidole vinne tu: magumba yanapiga besi na kushikilia mwendo, vidole vya shahada vinamwaga mapambo juu yake. Ukifumba macho utaapa wako watatu. Ufundi huu unarithishwa ndani ya koo, baba kwa mwana, kina Diabaté, kina Kouyaté, kina Sissoko, watu ambao kazi yao tangu enzi za dola ya Mali ilikuwa kuhifadhi nasaba za wafalme na kuwaimbia. Toumani Diabaté, aliyefariki Julai 2024, aliwahi kutoa rekodi mwaka 1988 yenye kora peke yake tangu mwanzo hadi mwisho, na ndiyo niliyokuwa nimeizoea garini. Lakini garini unasikia nyuzi. Mle ukumbini unasikia kibuyu.

Mamkubwa alikulia Unguja mjini wakati mazoezi ya taarabu yalikuwa yanasikika dirishani, akaja Omani miaka ya 1970, Sultan Qaboos alipowaita Waomani waliokuwa Afrika Mashariki warudi kuijenga nchi. Ganuni, ile ala ya taarabu ya nyuzi nyingi inayopigwa ikiwa imelazwa, anaijua kwa sikio kuliko watu wengi wanaoijua kwa vidole. Aliinama mbele, miwani mkononi, akasikiliza dakika kadhaa, kisha akaninong'oneza:

"Huyu ameisimamisha ganuni wima."

Sikuwa na la kuongeza.

Kilichofuata nilikiona kikija. Mwimbaji alipofikia mahali pa juu, pale ambapo sauti inapanda na vidole vinakimbia pamoja nayo, mkono wa Mamkubwa ukaingia mkobani. Naujua ule mkono. Kwenye taarabu, maneno yakikugusa unaondoka kitini, unakwenda kwa madaha mpaka jukwaani, na unamtunza mwimbaji noti mbele za watu. Na ikiwa mafumbo ya wimbo yanamhusu mtu aliye ukumbini, unapita mbele yake makusudi. Sisi tulikuwa ghorofa ya juu kabisa, na hilo ndilo lililotuokoa. Nikamwambia hapa hawatunzi, mpigaji ameshalipwa.

"Kulipwa ni kulipwa," akasema, "na kutunzwa ni kutunzwa."

Baada ya onesho alimfuata mhudumu wa kike, binti wa Kiomani mwenye adabu zake, akamwomba amfikishie bwana yule noti ya riali tano na salamu. Binti akakataa kwa upole, Mamkubwa akasisitiza kwa upole zaidi, mimi nikatazama taa za darini. Mwishowe noti ilirudi mkobani lakini salamu zilipokelewa. Nasikia mpaka leo akiwahadithia wageni kwamba Jumba la Opera ni zuri, wenyewe wakarimu, ila hawajui kusherehekea mtu.

Kuhusu fado nitasema machache, kwa sababu Mamkubwa alinivuruga. Mwimbaji kutoka Lisboa, shali nyeusi mabegani, gitaa lao lile la mviringo lenye nyuzi 12 upande mmoja, gitaa la kawaida upande wa pili. Muziki wa huzuni, wa wake wa mabaharia. Watu wametulia. Katikati ya wimbo wa pili Mamkubwa akauliza, na sauti yake si ya kunong'ona: "Hawa si ndio tuliowafukuza Mombasa?"

Ndio hao. Wareno waliishika Maskati kuanzia 1507 mpaka Waomani walipowatoa mwaka 1650, na ngome zao mbili, Jalali na Mirani, bado zinatazamana juu ya bandari ya zamani. Kisha Waomani wakawafuata mpaka Mombasa, wakaizingira Ngome Yesu tangu 1696, wakaichukua mwaka 1698. Nilimjibu kwa ishara kwamba ndio hao, anyamaze. Akatulia kidogo, akasikiliza yule dada akilia bahari iliyomchukulia mume, akasema tena, safari hii chini chini: "Maskini. Kumbe na wao walikuwa na watu wa kuwasubiri." Nyuma yetu bwana mmoja alicheka kwa Kiswahili. Yaani alisema "wallahi bibi, kweli," na tukajua hatuko peke yetu. Hatuko peke yetu popote katika mji huu. Ongea lako taratibu sokoni Ruwi na mtu atakujibu.

Usiku wa Wakuba ndio ulionisikitisha, na kosa si la Wakuba. Walikuwa wazuri kupita kiasi. Wazee wawili, mmoja wa tres, gitaa dogo la Kikuba, na mmoja wa gitaa, vijana kwenye tarumbeta, kongas, bongo, vijiti vya clave vikigonga ule mwendo wao usioacha mguu salama. Muziki huu Ami ameunyonya. Santuri za Kuba za mfululizo wa GV ziliingia Afrika tangu miaka ya 1930, na vijana wa bara na pwani wakazinakili wimbo kwa wimbo mpaka wakatoka na dansi la kwao. Salum Abdallah wa Morogoro aliiita bendi yake Cuban Marimba bila kuona aibu wala sababu ya kuona aibu. Sasa mweke mtu huyo kwenye kiti cha kitambaa, kilemba kichwani, jirani zake wamekunja mikono, mwambie asikilize.

Haiwezekani. Sauti ilikuwa safi mno, kila ala mahali pake, na kadiri ilivyokuwa safi ndivyo ilivyozidi kutushitaki. Muziki wa kucheza unahitaji miguu ya watu sakafuni. Miguu ile ni ala mojawapo, na isipokuwepo bendi inapiga na pengo. Kiongozi wao alijaribu kila mbinu. Akapigisha makofi, tukapiga makofi kwa adabu, tukakosea clave, akacheka. Wimbo wa mwisho safu moja ya chini ilisimama, nadhani walikuwa Wafilipino, na ukumbi mzima ukawatazama kwa wivu. Ami alisimama pia, akajifanya ananyoosha goti. Aliendelea kulinyoosha mpaka wimbo ukaisha.

Ndiyo maana nasema, mwenye kupanga ratiba angewapeleka Wakuba nje, uwanjani, tarehe ya Januari wakati hewa ya Maskati ni ya kumshukuru Mungu, na ukumbi wa mbao akawaachia wenye nyuzi na wenye pumzi. Kuna aina ya muziki wa dunia inayotengenezwa kwa ajili ya viti: taa za rangi, moshi, kila wimbo umepunguzwa dakika nne, ngoma zimesafishwa mpaka hazina jasho. Nimeuona msimu huu pia, usiku mmoja ambao sitautaja. Mamkubwa alilala, na yeye halali mbele za watu.

Jioni ya udi na piano ilikuwa kitu kingine. Ndoa ya udi na jazi si ya leo: Ahmed Abdul-Malik, aliyempigia besi mpiga piano Thelonious Monk, alirekodi na udi huko New York mwaka 1958, na Anouar Brahem wa Tunisia amekaa miaka mingi akiuchanganya udi wake na besi na ala za kupuliza za Wazungu. Shida ya udi na piano ni moja na wapenzi wa taarabu wanaifahamu hata kama hawajaisoma. Rasti na Bayati, maqamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, zina sauti inayokaa katikati ya funguo mbili za piano. Udi hauna vigawanyo shingoni, unaifikia kwa kusogeza kidole. Piano haiwezi. Nilikaa nikisubiri kuona watafanyaje.

Walifanya busara. Vipande vingi walivichagua vya Nahawandi, maqamu inayokubaliana na piano, na ilipofika zamu ya Bayati mpiga piano alitoa mkono wa kulia kabisa, akabaki na nyuzi nzito za chini, noti moja, noti mbili, akimwachia mwenzake nafasi. Mamkubwa aliligundua kabla yangu. "Amejua kunyamaza," akasema. Kutoka kwake hiyo ni medali. Anakumbuka jinsi kodiani ilivyowapa taabu watu wa Unguja kwa sababu hiyo hiyo.

Na hapo akaanza darasa lake, ambalo hunipa kila tukirudi, kuanzia maegesho mpaka mlango wa nyumba yangu Al Khuwair. Jinsi Sayyid Barghash, aliyetawala Zanzibar 1870 hadi 1888, alivyompeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze ganuni. Jinsi Ikhwan Safaa, klabu ya taarabu ya Unguja, ilivyoundwa mwaka 1905 na mabwana waliokuwa wakiagiza ala kutoka Cairo. Jinsi Siti binti Saad, binti wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu, alivyouchukua muziki ule wa majumba ya wakubwa akauimba kwa Kiswahili, akapanda meli mpaka Bombay mwaka 1928 kurekodi. Naijua hadithi hii kwa moyo. Lakini baada ya udi ule niliisikia vingine, kwa sababu barabara ni hiyo hiyo: Cairo, Unguja, Maskati, Bombay, na majahazi yaliyokwenda na kaskazi na kurudi na kusi.

Omani kwenyewe muziki umebaki na alama. Nenda Sur, au mitaa ya zamani ya Matrah siku ya harusi, ukasikie lewa: zumari inalia, ngoma zinajibu, wachezaji wanazunguka kwa duara pole pole, na ndani ya nyimbo yanatoka maneno ya Kiswahili ambayo baadhi ya wanaoyaimba hawasemi Kiswahili tena. Mara ya kwanza Mamkubwa kuisikia lewa, baada ya kufika kutoka Unguja, anasema alisimama njiani na kikapu chake akidhani kuna mtu anamwita.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kwa nini napoteza riali zangu kwa jazi na "muziki wa wageni", huwa namwomba anionyeshe mgeni ni yupi.

Mambo ya kufaa kwa anayetaka kujaribu. Viti vya juu vya katikati ni bora kuliko vya pembeni chini. Ni rahisi zaidi na sauti inapanda. Nunua tiketi mapema, hasa za udi na waimbaji wa Kiarabu, maana hizo huisha haraka kuliko opera. Ukichelewa hutaingia mpaka wapate mwanya, na kwenye kora mwanya hauji upesi. Kioo cha mgongoni mwa kiti kizime, mwanga wake unamuudhi wa nyuma. Halwa usiingie nayo. Ndiyo, tulijaribu, hapana, sikuwa mimi.

Msimu ujao Ami amesema haji tena kwenye jazi yoyote isiyo na gitaa, na tayari ameshaniuliza mara mbili tarehe za bendi kubwa. Mamkubwa anataka kora, au "yule wa kunyamaza". Tukitoka huwa tunakunywa chai ya maziwa kwenye mkahawa wa barabarani, wote na nguo zetu za harusi, na mabishano ndiyo yanaanza hapo. Anayetaka kujumuika anijulishe kabla tiketi hazijaisha. Vilemba Ami anavyo vya kuazima, ila kufunga ajifunze mwenyewe. Tukimsubiri na yeye pia, tutakuta mlango umefungwa.